Pikapu Iliyokula Alizeti ya Mke Wangu

Mke wangu aliondoka nyumbani kwa sababu ya gari ambalo lenyewe lilikuwa haliwezi kuondoka. Nalisema hili mapema kwa kuwa mtaani kwetu wanalisimulia vibaya, wanachomeka na mwanamke mwingine humo ndani. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na pikapu, na kulikuwa na watu walioniingiza kwenye pikapu hiyo. Nitawataja kwa kazi zao, majina yao wanayajua wenyewe. Shule niliishia darasa la nne, lakini mkosaji namjua nikimwona.

Naanza na mfanyabiashara wa Busi, kule Kondoa. Ujanani nilikuwa utingo wake. Pikapu ilikuwa ya bluu, na tulikuwa tunashusha maharage kutoka milimani kuleta Dodoma. Siku moja, kwenye kona ya mteremko, breki zilikataa. Gari likalala ubavu, likageuka, likalala tena. Dereva alitoka na kofia yake kichwani. Mimi nilikuwa juu ya mzigo, nikarushwa kwenye shamba la mtama, na gunia moja la maharage likanifuata. Mguu ulivunjwa na gunia, gari halikunigusa. Mwenye gari alikuja hospitali, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Pole sana kijana. Lile gunia lililokuangukia, chukua, ni lako."

Hiyo ndiyo fidia niliyopata. Tuliyala maharage yale miezi miwili, na kila nikitafuna nilikuwa nausikia mguu.

Tangu hapo natembea kwa kuchechemea. Nimechimba mitaro, nimelinda nyumba za watumishi Area D, nimezeeka nusu. Tuna kibanda chetu nyuma ya Area D, upande ule ambao viwanja vinaisha na mawe yanaanza. Watoto wamekua, wameondoka. Mke wangu anakausha mboga uani, majani ya mlenda na ya kunde, anauza sokoni, na kila mwaka analima alizeti kwenye shamba la baba yake huko Haneti. Tulikuwa tunaishi bila maneno.

Mwaka juzi nikaenda Busi kwenye msiba. Wakati wa kurudi nikapita kwa yule mfanyabiashara, sasa mzee. Nyuma ya nyumba yake nikaiona pikapu. Bluu imekuwa rangi ya majivu, matairi yameoza, na mbuzi wawili wamelala sehemu ya mizigo kama abiria waliochelewa basi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe si yule wa gunia?"

"Ndiye."

"Mguu unaendeleaje?"

"Upo."

"Alhamdulillahi." Akaniangalia ninavyolitazama gari. "Injini yake nzima hiyo. Tangu siku ile haijafunguliwa."

Ningekuwa mtu wa akili ningeuliza kwa nini haijafunguliwa. Sikuuliza. Kichwani mwangu lilikuwa limeingia neno moja tu: gari hili limekula mguu wangu, kwa hiyo litanibebea magunia mpaka nife. Nilitaka linilipe. Mzee aliliona neno hilo usoni mwangu, akaniuzia kwa mitamba wawili, akaniambia hiyo ni bei ya damu moja, maana mimi na gari tulipata ajali pamoja.

Nikakodi lori la kuibeba. Tulipofika karibu na Haneti, matuta ya barabarani yakaitikisa boneti na tukajua kwa nini injini haijafunguliwa. Nyuki walitoka mle kama watu wanaotoka kanisani, kwanza wachache, halafu wote. Dereva wa lori aliacha usukani akakimbilia porini, na aliporudi jioni jicho moja limefumba, akadai nauli mara mbili: ya gari na ya nyuki. Nikalipa. Ukarabati wangu ulianza kwa fidia ya nyuki. Spana nilikuwa bado sijanunua.

Pikapu tukaishusha uani, mahali ambapo mke wangu hutandika mikeka ya kukaushia mboga. Hapakuwa na pengine, kwingine kote ni mawe. Yeye akasimama na ungo mkononi.

"Itakaa hapa muda gani?" akaniuliza.

"Mwezi."

"Mwezi huu?"

"Mwezi wowote, lakini mmoja."

Hapo ndipo anapoingia jirani yangu, karani mstaafu, mtu wa kalamu, ambaye maisha yake yote hajawahi kufungua hata nati ya baiskeli. Nilitaka kuipeleka gereji mapema. Yeye akaja na simu yake kubwa, akanionyesha Mzungu mmoja anayetengeneza gari bovu kwa dakika kumi na mbili, huku muziki unapiga. "Ni simpo tu, kaka," akasema. "Fundi atakumaliza. Fungua mwenyewe, safisha mwenyewe, rudishia mwenyewe. Unaokoa hela yote ya ufundi."

Kufungua nilifungua. Hakuna mtu katika Dodoma nzima aliyefungua gari kuliko mimi. Nilifungua mpaka vitu ambavyo kumbe havifunguliwi. Nati nikaziweka kwenye sufuria, boliti kwenye karai, vile vidude vya kabureta kwenye bakuli la mchuzi. Nilijiambia nitakumbuka kila kimoja kilipotoka. Siku tatu baadaye nikabaki na vyombo sita vimejaa chuma na kichwa kitupu. Karani akaniambia turudie kumwangalia yule Mzungu. Tukamrudia. Yule alikuwa na gari jingine.

Nyumbani ugali ulianza kunuka grisi. Mboga zilikaukia juu ya mawe, mbuzi wa jirani wakazila. Mwezi ukapita, na mingine ikafuata. Mke wangu alikuwa akipita karibu na gari anavuta kanga yake kama mtu anayepita karibu na mlevi.

Halafu nikafanya lile jambo. Hapa hakuna wa kumtaja zaidi yangu, japokuwa karani alikuwepo. Mke wangu alikwenda kumuuguza dada yake siku kumi. Chumbani kulikuwa na magunia manne ya alizeti, jasho lake la msimu mzima, anasubiri bei ipande akakamue mafuta. Mtu akaniambia kuna matairi manne mazuri ya mtumba, leo tu. Nikayatazama magunia manne. Manne kwa manne. Ilionekana kama hesabu imejitengeneza yenyewe.

Aliporudi aliingia chumbani, akatoka, akayatazama matairi. Yalikuwa yamefungwa vizuri, gari limenyooka. Mimi nilitegemea walau atasema yamependeza.

"Alizeti yangu iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo ile imesimama."

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kujibu. Alikunja kanga zake, akafunga furushi, akachukua ungo wake. Mlangoni akageuka. "Baba watoto, mimi naenda kwa baba. Ukitaka kunifuata, njoo na hilo gari lako, linatembea lenyewe, halivutwi, halisukumwi. Bila hivyo usije, nitakutia aibu mbele ya wazee."

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Nikabaki na gari lenye matairi mazuri lisilo na injini ndani.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi, na huyu ndiye mkosaji mkubwa, ingawa mpaka leo nikikutana naye nashindwa kumkasirikia vizuri. Gereji yake ni turubai na mafuta machafu ardhini, kwenye uwanja wenye magari kama thelathini, mengine yamefika hapo yakiwa mapya. Ni Mgogo mwenzangu, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayebembeleza ndama. Tukavuta pikapu hadi kwake, na mimi nikaleta vyombo vyangu sita.

Lakini mimi si mjinga kabisa. Nilikuwa nimesikia mafundi hubadilisha spea za watu. Kwa hiyo usiku kabla ya kupeleka nilikuwa nimekwangua alama kwenye kila kifaa kwa msumari: mikato miwili na nukta, kama alama ya sikio la ng'ombe wa marehemu baba. Stata, alternata, rejeta, pampu ya mafuta, vyote. Nikalala kwa amani.

Fundi aliniambia niende, nirudi baada ya wiki. Wiki zikawa nyingi. Kila nikienda, gari lina kitu kimepungua.

"Kiongozi, rejeta imetoboka," ananiambia. "Tafuta nyingine. Nenda duka lile la kona, mwambie nimekutuma."

Nikaenda duka la kona. Muuza duka akanitolea rejeta ya mtumba, safi, ananisifia: hii imetoka Japani moja kwa moja, haijagusa vumbi la nchi hii. Nikalipa hela niliyoipata kwa kulinda usiku miezi miwili. Nikaibeba kichwani. Njiani jua likaipiga, na pembeni, chini ya rangi mpya, nikaona mikato miwili na nukta.

Nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimenunua ng'ombe wa baba yangu.

Nikarudi kwa fundi, nimeikumbatia rejeta kama mtoto mgonjwa. Mafundi wote waliokuwa chini ya magari wakatoa vichwa.

"Hii rejeta ni yangu," nikasema.

"Ni yako, umeinunua," akajibu fundi.

"Ilikuwa yangu kabla sijainunua."

Akaiangalia alama, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii alama naijua. Si ya mzee yule aliyekuwa na ng'ombe wengi upande wa bondeni? Ndiye baba yako?"

"Ndiye."

"Basi wewe huna haja ya kuelezwa," akasema, akanivutia ndoo nikae. "Baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Usinibadilishie maneno."

"Wangapi?"

"Sitini hivi."

"Zizini kwake walilala wangapi?"

Msomaji asiye wa huku pengine hajui, kwa hiyo nieleze. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja, wengine anawawekesha kwa watu. Wawili anawapeleka kwa rafiki, watatu kwa shemeji, wanne kijiji cha mbali. Anayewatunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ugonjwa ukija haumalizi wote. Zizini kwa baba walilala kumi na tano, na katika hao kumi na tano wengine walikuwa wa watu. Hata mimi nilikua nakunywa maziwa ya ng'ombe ambao mwenyewe wao sijawahi kumwona.

"Na mimi nafanya hivyo hivyo," fundi akasema. "Gari lako limekaa halitembei. Stata inakaa bure, inashika kutu. Mwenye boza la maji amekwama, ana wateja. Nimemwekesha stata yako. Alternata iko kwa mchungaji wa kanisa, anaenda mikutano ya injili. Zinafanya kazi, haziozi. Siku ukizitaka zinarudi."

"Na hii rejeta uliwekesha dukani?"

"Hiyo ya dukani ni kosa la muuza duka. Niliweka kwake itunzwe, akasahau akaipaka rangi."

"Na ndama wangu wako wapi?" nikamuuliza, nikijua nimembana. "Kama maziwa wamekunywa wenzangu, ndama ni wangu."

Akanyoosha spana kuelekea kwenye pikapu. "Giaboksi ile unadhani imetoka wapi? Na hiyo klachi? Wewe uliniletea giaboksi iliyojaa asali. Hizo za watu nimekuwekesha wewe."

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akajigonga kichwa chini ya gari. Mimi nilitaka kupigana, lakini sikupata pa kuanzia. Kila neno lake lilikuwa neno la baba yangu. Nikamwambia, "Sawa. Mimi nataka jambo moja tu. Mke wangu yuko Haneti. Nataka kufika Haneti."

Fundi aliposikia ni habari ya mke, akawa mtu mwingine. Siku nne hakugusa gari jingine. Stata ikarudi kutoka kwenye boza, alternata ikarudi kwa maombi. Pampu yangu ya mafuta tu ndiyo haikupatikana, ilikuwa kwenye lori lililokwenda Singida halijulikani litarudi lini. "Nakupa pampu ya boza," akaniambia. "Mwenyewe nimeshamwomba, yuko kwenye matengenezo wiki hii. Nenda, chukua mke, rudi, irudishe."

Nikaondoka asubuhi. Jamani, lilitembea. Lilikuwa linatoa moshi kama jiko la kuni na milango imefungwa kwa waya, lakini lilitembea lenyewe, halivutwi, halisukumwi. Nilishika barabara ya Kondoa nikiwa nimevaa shati la harusi ya mwanangu. Pale ambapo nyuki walitoka nilipunguza mwendo kwa adabu.

Nyumbani kwa wakwe walilisikia kabla ya kuliona. Mama mkwe akaingia ndani upesi, maana kwa desturi yetu hatutazamani usoni mimi na yeye. Baba mkwe akatoka na fimbo. Mke wangu alikuwa anapeta mtama. Hakusimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo lenyewe?"

"Ndiyo lenyewe."

Akalizunguka mara mbili, akaligonga ubavuni kwa fimbo kama anayechagua dume mnadani. Mke wangu akaweka ungo chini. "Lizime," akasema.

Nikazima.

"Liwashe."

Nikashika ufunguo na jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Likawaka. Akaingia ndani, na mimi nikasikia sauti ya furushi linafungwa. Baba mkwe akaniletea kigoda. Nilikaa pale nikifikiri kwamba mguu wangu sasa umelipwa.

Ndipo bodaboda ikaingia uani. Nyuma yake amekaa mtu mkubwa, amebeba spana kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa mwenye boza. Alipanda basi la kutoka mjini, akashukia njia panda, akakodi pikipiki.

"Shikamoo mzee," akamwambia baba mkwe. "Samahani nimeingilia mazungumzo ya familia. Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu."

Baba mkwe akalitazama zizi lake. "Ng'ombe gani?"

"Yumo kwenye hilo gari. Boza limekamilika mapema, nina hospitali inasubiri maji."

Nikamsihi. Nikamwambia nimalize jambo langu tu, kesho ninamletea mwenyewe. Akasema, "Kaka, na mimi nina mke." Basi ikabidi baba mkwe aamue. Akatuuliza maswali, tukamweleza yote, ya fundi, ya rejeta, ya alama ya baba. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza habari ya ndoa yangu. Mwisho akasema, "Ng'ombe wa mtu akidaiwa, anafunguliwa. Hakuna kesi hapo."

Mwenye boza akalala chini ya pikapu, dakika ishirini, akatoka na pampu. Akakaribishwa ugali, akala vizuri, akaondoka na pikipiki ileile. Gari likabaki pale, boneti wazi, zito kama jiwe.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na furushi kichwani muda wote huo. Sikuthubutu kumtazama.

"Sasa hilo gari halitoki," akasema.

"Mpaka nipate pampu."

"Litakaa hapa kwa baba."

"Litakaa hapa."

"Uani kwangu halirudi."

"Litarudi na nini?"

Akalitazama gari, akamtazama baba yake ambaye alishaingiza kichwa ndani ya injini. "Basi twende," akasema, "basi la jioni lisituache. Na msimu huu unakuja kulima alizeti magunia manne, kwa mkono wako." Ndani ya basi akanipa kiti cha dirishani kwa ajili ya mguu. Mimi miaka miwili nilihangaika gari litembee, kumbe yeye alitaka lihame tu.

Uani mikeka ikarudi. Alizeti nimelima, nimetoa matatu, nadaiwa moja. Ningeishia hapa nikiwa mtu wa amani, lakini baba mkwe alianza kupiga simu.

Kwanza aliuliza pampu inauzwaje. Halafu akataka namba ya fundi. Halafu nikasikia ameuza mbuzi, amenunua taa za mbele. Halafu dume. Shemeji mmoja akaniambia mzee siku hizi anakula akiwa na nati mdomoni, na kwamba injini ameifungua yote, iko kwenye vyungu vya mama.

Jumamosi iliyopita, mchana, nilikuwa nageuza mboga kwenye mkeka. Nikasikia hodi. Nikageuza uso haraka, maana niliijua sauti: mama mkwe, na furushi, na kuku ndani ya kapu. Akapita mbali na mimi kama desturi inavyotaka, akasimama mlangoni kwa binti yake.

"Mwambie mumeo nimekuja kukaa," akasema, anaongea na ukuta. "Na mwambie asinirudishe Haneti mpaka lile gari la baba yako litembee lenyewe."

Mke wangu akanitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikaweka mboga chini, nikaingia ndani kutafuta spana zangu. Zilikuwa chini ya kitanda. Mbili hazipo. Nilikuwa nimemwekesha karani.